MTUMIAJI ALIYENYAMAZA: HUENDA WAPI, NA HURUDISHWAJE?

Mimi ni mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili cha shule hii. Nafasi ya kuandika katika kurasa hizi niliitamani tangu nikiwa kidato cha pili, na mwaka huu mhariri mwenyewe ndiye aliyeniandikia akinitaka niwaeleze kazi ninayoifanya huko Nairobi. Alisema wanachama wamemuuliza ni kazi gani hiyo, naye akakosa jibu. Si ajabu. Hata mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi nafanya "mambo ya simu", nao hudhani ninauza kredo.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni ndogo iliyoniajiri imetengeneza programu ya simu, yaani apu kama tunavyosema mitaani, ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kudurusu masomo. Mwanafunzi huipakua katika simu, akajibu maswali ya Hisabati, Baiolojia au Kiswahili, akasahihishwa papo hapo. Wapo wanaoitumia kila jioni. Wapo pia walioipakua kwa hamu kubwa, wakaitumia siku tatu nne, halafu kimya. Hawakulalamika, hawakuaga, wameenda mteja. Mimi nimeajiriwa kwa ajili ya hao walionyamaza: nijue kilichowaondoa, na ikiwezekana niwarudishe.

Huenda ukauliza, kwani kuna haja gani ya kuhangaika na mtu aliyekuacha? Si utafute wengine? Ukweli ni kwamba kumpata mtumiaji mpya ni gharama. Lazima ulipie matangazo, umshawishi mtu asiyekujua, kisha umfundishe kila kitu kuanzia mwanzo. Aliyenyamaza tayari anakujua. Jina lake unalo, alama zake unazo, hata swali la mwisho alilolikosa unalifahamu. Kampuni inayokimbilia wageni tu, huku wenyeji wakitokea mlango wa nyuma, inateka maji kwa pakacha. Isitoshe, katika kazi kama yetu aliyenyamaza mara nyingi ndiye aliyehitaji msaada zaidi. Yule wa kupata A hatatusumbua. Hata bila sisi atajisomea.

Tuanze na mfano unaojulikana ulimwenguni. Baadhi yenu mnaifahamu Duolingo, ile programu ya kufundisha lugha yenye picha ya bundi wa rangi ya kijani. Ilianzishwa na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker wa kutoka Uswisi, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012. Tangu mwaka 2017 inafundisha Kiswahili pia, kwa hivyo wapo watu ng'ambo wanaopambana kila usiku na ngeli zile zile zinazowatoa ninyi jasho. (Nashangaa kidogo kwamba walimchagua bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku, watu huamka wakamfukuza kwa kijinga cha moto, maana huaminiwa kuwa ndege wa mikosi. Huyu wao ati ndiye anayekuja kukukumbusha masomo! Lakini tuyaache hayo.)

Watu wa Duolingo waliona kwamba kusema tu "fulani ameondoka" hakutoshi. Wakawagawa watumiaji wao kulingana na siku za ukimya. Kuna aliyekuja leo. Kuna ambaye leo hajaja lakini katika siku 7 zilizopita alionekana; huyo yuko hatarini. Kuna aliyepitisha siku 7 lakini hajafikisha mwezi. Hatari yake imezidi. Halafu kuna aliyepitisha siku 30, ambaye wao humwita aliyelala. Hata wanaorudi hawahesabiwi pamoja: aliyerudi baada ya wiki moja ana fungu lake, na aliyerudi baada ya mwezi ana lake. Sababu ni nyepesi kuelewa. Aliyekosa jana anahitaji kuguswa bega tu. Aliyekosa mwezi mzima amesahau hata kilichomleta, na ukimgusa bega atakuuliza wewe ni nani.

Jorge Mazal, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alieleza mwaka 2023 kwamba walipima ni fungu lipi likiimarishwa kidogo litaongeza zaidi idadi ya watu wa kila siku. Wengi wetu tungedhani ni wageni, au ni wale waliolala. La hasha. Ilikuwa ni kuwashikilia wale ambao tayari walikuwa wakija, na nguvu yake ilikuwa kama mara 5 ya fungu lililofuata. Ndiyo maana wakaongeza bidii katika ile hesabu ya siku mfululizo ambayo kila mtumiaji wa Duolingo huitunza kama mboni ya jicho: umesoma siku 10, siku 40, siku 200 bila kukosa.

Jambo ninalolisifu zaidi hapo si hesabu yenyewe, ni ruhusa waliyoiweka kando yake. Mtumiaji anaweza kujiwekea akiba ya siku ya kukosa, ili akiugua au akisafiri hesabu isikatike. Mtu aliyefikisha siku 60 kisha akarudishwa kwenye 1 kwa sababu ya siku moja ya malaria haanzi upya kwa furaha; wengi huvunjika moyo wakaacha kabisa. Mfumo usiojua kwamba binadamu huugua hujifukuzia watu wake wenyewe.

Kuhusu arifa, yaani zile jumbe fupi zinazochomoza kwenye kioo cha simu, wataalamu wawili wa Duolingo, Kevin Yancey na Burr Settles, walichapisha utafiti wao mwaka 2020. Waligundua kwamba ujumbe hata ukiwa mtamu namna gani, ukirudiwa huchakaa, lakini ukipumzishwa hupata nguvu tena. Mnamjua mwalimu wa zamu anayesema maneno yale yale kila Jumatatu gwarideni? Wiki ya kwanza mlisikiliza. Sasa mnajua hata atakapokohoa. Basi wakatengeneza mfumo unaokumbuka ni ujumbe upi mtu ametumiwa karibuni, ukaulaza huo na kumtumia mwingine. Idadi ya watumiaji wa kila siku ikapanda kwa asilimia 0.5, na wageni waliobaki wakaongezeka kwa asilimia 2. Usicheke ukidhani ni kidogo. Penye mamilioni ya watu, nusu ya asilimia ni umati.

Luis von Ahn naye, katika hotuba aliyoitoa mwaka 2023, alisimulia mambo mawili ambayo mimi hayanitoki akilini. La kwanza, baada ya kutumia fedha nyingi na kompyuta zenye akili kutafuta saa nzuri ya kumkumbusha mtu, jibu lilikuwa saa 24 baada ya alipotumia programu mara ya mwisho. Kama jana saa tisa alasiri ulikuwa na nafasi, huenda hata leo saa tisa unayo. La pili, mtu akinyamaza siku 7 wao huacha kumsumbua. Lakini kabla ya kuacha humjulisha kwamba, kwa kuwa jumbe hizi hazionekani kufaa kitu, sasa zinasitishwa. Na kumbe ujumbe huo wa kuaga ndio unaowarudisha watu! Mimi naona sababu ni kwamba ndio wa kwanza kumheshimu. Zingine zote zilimwomba. Huu ulimwachia uamuzi.

Hayo ni ya Pittsburgh. Tulipoyaleta Nairobi yalikwama, tena yalikwama mahali ambapo kila msomaji wa jarida hili angepatambua mara moja.

Kila muhula unapofunguliwa, mchoro wa watumiaji wetu huporomoka kama mtu aliyetegwa mguu. Leo wako wengi, kesho kutwa wamebaki wachache. Mkubwa mmoja ofisini, aliyesomea ng'ambo, aliutazama akashika kichwa. Akauliza kama programu imeharibika. Akauliza kama kuna mshindani mpya. Nikamwambia, bwana mkubwa, shule zimefunguliwa. Hawa ni wanafunzi wa bweni. Simu haziruhusiwi shuleni, na kama ziko, ziko kwa naibu wa mwalimu mkuu ndani ya kabati. Zilizobaki nyumbani zimefungwa katika sanduku la mama chini ya vitenge. Kwa kanuni ya siku 30 watu hao wote "wamelala". Ninyi mnaosoma makala haya, hivi sasa, mko katika orodha ya waliolala! Ilhali mko macho, mmeketi darasani, mnasoma masomo yale yale tuliyotaka muyasome.

Basi ilibidi hesabu ibadilishwe. Kwa mwanafunzi wa bweni tunahesabu siku za likizo peke yake. Aliyeonekana mwisho wa likizo ya Aprili, akaonekana tena mwanzoni mwa likizo ya Agosti, huyo hakuondoka hata kidogo, na kumtumia jumbe za kumbembeleza mwezi wa Juni ni kumchosha mama yake mwenye simu. Aliyekosekana likizo nzima, huyo ndiye wa kuulizia.

Hali kadhalika ile kanuni ya saa 24. Ni nzuri kwa mwenye simu yake. Wanafunzi wetu wengi wa kutwa hutumia simu ya mzazi, na simu hiyo ina ratiba ya mzazi. Hurudi nyumbani saa moja jioni ndani ya mkoba, hukaa kidogo kwenye chaji, saa mbili ikapigwa na shangazi, saa tatu bando imekwisha. Mtoto akibahatika ana dakika ishirini. Jana alizipata, leo hakuzipata, na hakuna kompyuta ya kukuambia kwamba sababu ni shangazi.

Kwa hivyo niliomba ruhusa nipige simu. Ofisini baadhi waliona ni ushamba. Siku hizi mambo hufanywa kwa mashine. Lakini mashine hukuambia nani amenyamaza na lini. Haikuambii kwa nini. Wazazi walipowaandikisha watoto walituachia nambari zao na wakakubali tuwapigie, nami kwa wiki tatu nikawa kila asubuhi napiga: "Habari ya asubuhi, mama? Samahani kwa usumbufu…" Niliyoyasikia ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii.

Sababu ya kawaida kabisa haikuwa ya moyo. Ilikuwa nafasi. Simu imejaa video za harusi na picha za mazishi zilizotumwa katika makundi ya jamaa, nayo ikisema hakuna nafasi tena, cha kwanza kutupwa ni kitu cha mtoto. Wengine walikuwa wamepoteza simu au wamebadilisha laini, wakasahau neno la siri, wakajiandikisha upya kwa nambari nyingine. Huyo katika vitabu vyetu alihesabiwa mara mbili: mara moja kama marehemu na mara moja kama mtoto mchanga. Wengine, na hawa nilifurahi kuwasikia, walikuwa wamemaliza KCSE. Walipata walichokitaka wakaenda zao. Yaani unamrudisha wa nini mtu aliyekwisha kuvuka mto? Mshukuru, mwombe amwambie mdogo wake, basi.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye mama yake alimpa simu tuzungumze. Akaniambia bila kupepesa, "Hiyo apu inanionyesha tu mimi ni mjinga." Nilipoangalia rekodi zake nikaelewa. Alifanya Hisabati mara tatu, akapata alama 3 kati ya 20, kisha 4, kisha 3 tena. Na mfumo wa zamani, uliowekwa kabla sijaajiriwa, ulikuwa ukimtumia arifa kila jioni ikimkumbusha: ulipata 3 kati ya 20, rudi ujaribu tena! Akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna mtu aliyemfukuza kijana huyo, lakini kila jioni alionyeshwa mlango.

Na kulikuwa na msichana wa magharibi ya nchi. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wetu hodari wa Kemia, kisha muhula wa pili wa mwaka 2024 akanyamaza, na likizo ya Agosti hakuonekana. Nilipopiga, aliyepokea alikuwa nyanya yake. Nikajitambulisha, nikaulizia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo hasomi tena. Amejifungua. Simu tuliiuza, hii ni kabambe yangu." Mimi si mwalimu wala si mtu wa serikali, na kazi yangu haikunituma zaidi ya hapo. Lakini nilimweleza kwamba Wizara ya Elimu ina mwongozo wa mwaka 2020 unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na kwamba mwalimu mkuu anaujua. Yeye hakuwa amesikia habari hizo. Alidhani mlango ulikwisha fungwa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na kama mtoto atalazimika kurudi katika shule ile ile ambako wenzake wanajua. Nikamwambia anaweza hata kuhamishiwa nyingine. Mwezi wa Februari mwaka 2025 nilipiga tena. Msichana alikuwa amerudi, shule ya kutwa karibu na nyumbani, nyanya anamlea mtoto mchana. Katika programu yetu hajaonekana tena mpaka leo, kwa kuwa simu ya kisasa hakuna. Ofisini bado anahesabiwa kwamba amepotea, na mimi sijawahi kuomba jina lake lifutwe wala lihamishwe.

Tukirudi kwenye jambo la kuwafikia watu, kuna kizuizi ambacho wengi hawakijui: simu yenyewe. Tangu toleo la 13 la Android, lililotoka mwaka 2022, programu haiwezi kutuma arifa mpaka mwenye simu airuhusu. Anaulizwa siku ya kwanza, akiwa na haraka, anabonyeza hapana, yamekwisha. Kabla ya hapo, toleo la 12 la mwaka 2021 lilileta utaratibu wa kuilaza programu isiyotumiwa kwa miezi kadhaa: hunyang'anywa ruhusa ilizopewa, hupunguziwa nafasi, na hukatazwa kutuma arifa. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye simu. Lakini fikiria sasa kampuni inayomtumia aliyenyamaza miezi sita arifa kumi za kumsihi arudi. Hazifiki. Ni kama kumwimbia kiziwi aliye mtaa wa pili. Kwa mtu wa namna hiyo sisi hutumia ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa SMS, ambao hufika hata kwenye kabambe, hauli bando, na hausubiri ruhusa ya Android. Ubaya wake ni kwamba kampuni hulipia kila mmoja, na herufi ni 160 tu. Mimi hilo la herufi naliona ni baraka. Linakulazimisha useme jambo moja.

Na useme kwa Kiswahili cha watu, si cha kutafsiri. Nilipofika ofisini nilikuta ujumbe ulioandikwa "Tumekukosa sana!" Wanachama wenzangu, mwanafunzi akiusoma huo si atadhani tulimrushia jiwe likampita? Mzungu akitamani kumwona mtu husema hivyo kwa lugha yake, sisi tukikutana na mtu aliyeadimika humwambia, "Umepotea sana!", tena kwa kicheko. Tukabadilisha. Tukaondoa na zile alama nyingi za mshangao. Badala ya kulia lia tukaanza kumpa mtu habari inayomhusu: maswali ya Ushairi uliyokuwa ukiyatafuta sasa yapo, ukishayapakua huhitaji bando. Aliyeondoka kwa sababu ya nafasi tulimwambia programu imepunguzwa uzito, na kweli ilikuwa imepunguzwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanatuma ujumbe mtamu, mtu anarudi, anakuta kile kile kilichomfukuza kinamngoja mlangoni. Huyo akiondoka mara ya pili usimpigie tena.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika kazi hii methali hiyo si ya kutegemewa, maana mwenda tezi wa siku hizi ana programu nyingine thelathini ndani ya simu ile ile. Akirudi, dakika mbili za kwanza ndizo zitakazoamua. Kwa hiyo hatumwambii ajiandikishe upya. Hatumkumbushi alama mbaya. Yule kijana wa 3 kati ya 20, alipofungua tena alikutana na maswali matatu tu, ya mada ambayo rekodi zilionyesha aliwahi kuipata. Akayapata matatu. Siku iliyofuata akapewa matano, moja likiwa gumu kidogo. Sitawadanganya kwamba amekuwa bingwa wa Hisabati, lakini likizo iliyofuata alikuja bila kuitwa.

Sasa niseme jambo ambalo si la kufurahisha. Ujuzi huu wote ninaowaeleza, wa kujua nani amenyamaza, lini na atarudishwa na nini, unatumiwa pia na kampuni za kucheza kamari, na kwa ustadi kuliko wetu. Mtu akijitahidi akaacha, wiki ya tatu simu inalia: umewekewa shilingi hamsini za bure, zinakwisha leo usiku. Huko ni kumrudisha mtu kwenye shimo alilotoka akitambaa. Mbinu ni ile ile. Tofauti ni kama huyo mtu, akiwa ametulia, angependa arudi. Mkipokea jumbe kama hizo, jueni kwamba hazikuja kwa bahati. Kuna mtu mwenye kazi kama yangu aliyepanga siku na saa.

Kwa bahati nzuri sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara, na taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Sisi tumeweka kiwango chetu juu ya hapo. Aliyenyamaza likizo mbili mfululizo hutumiwa ujumbe mmoja wa kumuaga, ukimweleza kwamba rekodi zake zitatunzwa kwa muda, na jinsi ya kurudi akitaka. Baada ya huo hatumwandikii tena. Baadhi hujibu papo hapo. Mmoja alituandikia, "Kwani mnaenda wapi? Mimi niko, ni mock tu."

Hivi sasa tunajiandaa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Ujumbe wa kwanza hautatoka siku ya kufunga shule, kwa sababu siku hiyo kila mmoja wenu yuko njiani na sanduku na godoro, wala siku ya pili yake, maana mnalala. Utatoka Jumatatu ya wiki ya pili, saa moja na nusu jioni, wakati simu za wazazi zimefika nyumbani. Utasema ni maswali gani mapya yaliyoongezwa katika somo ulilokuwa ukilifanya, na chini yake kutakuwa na neno ACHA. Ukilituma hilo neno, jina lako linatoka katika orodha usiku huo huo, na hakuna atakayekupigia kukuuliza sababu.